Sumu, Kizimba, Kiota au Jaa: Njia Ipi ya Kupunguza Kunguru Malindi Inastahili Fedha Zetu?

Katika vikao vya wenye hoteli wa Malindi na Watamu, katika kamati za soko na hata barazani baada ya sala ya alasiri, swali la kunguru hurudi mara kwa mara: tuwafanyeje, na kwa fedha za nani? Makala haya yanalinganisha njia nne ambazo pwani ya Afrika Mashariki imekwisha kuzijaribu, yaani sumu, vizimba vya kunasia, uvunjaji wa viota na udhibiti wa taka, kwa nia ya kumsaidia anayelazimika kuchagua, awe ni meneja wa hoteli, diwani anayepitisha bajeti ya wadi, au mwenye nyumba aliyechoka kupoteza vifaranga. Sitazipima njia hizi kwa idadi ya mizoga inayopatikana kwa kila shilingi, ingawa kipimo hicho ndicho kinachotajwa zaidi. Nitazipima kwa unafuu unaobaki mwaka wa pili na wa tatu baada ya fedha kwisha kutumika.

Kunguru tunayemzungumzia ni kunguru wa Bara Hindi, Corvus splendens, mwenye shingo ya kijivu. Asitiwe katika hesabu moja na kunguru wa asili mwenye kifua cheupe, ambaye ni wa hapa na ambaye naye amesukumwa pembeni na mgeni huyu. Mgeni aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, kwa mujibu wa maelezo ya kawaida ili asaidie kusafisha taka za mji, akaonekana Mombasa mwaka 1947, kisha akaenea kaskazini na kusini kufuata miji. Anakula mayai na vifaranga vya ndege wengine, anaiba vifaranga vya kuku, anatoboa maembe na mapapai, na anatua mezani kwa mgeni wa hoteli kabla hata mhudumu hajaondoa sahani. Ndege wadogo waliokuwa wa kawaida katika bustani za miji ya pwani, wakiwemo chozi na kwera, wamepungua pale kunguru walipoongezeka.

Hasara za namna hii haziko Malindi peke yake. Ripoti ya jopo la kimataifa la bioanuwai, IPBES, iliyotolewa mwaka 2023, ilikadiria kuwa viumbe vamizi viliigharimu dunia zaidi ya dola bilioni 423 katika mwaka 2019, na kwamba gharama hiyo imekuwa ikiongezeka angalau mara nne kila muongo tangu 1970. Katika jumla hiyo, asilimia 92 ilikuwa ni madhara yenyewe, na asilimia 8 tu ndiyo iliyotumika katika kuvidhibiti viumbe hivyo. Kwa maneno mengine, dunia hulipa hasara kwa ukarimu na hulipa kinga kwa ubahili, na sioni dalili kwamba sisi wa pwani tuko tofauti.

Kabla ya kulinganisha njia, hesabu moja ni ya lazima, kwa sababu bila hiyo kila njia huonekana kuwa inafanya kazi. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mji una kunguru 10,000 na kwamba wanaongezeka kwa asilimia 30 kwa mwaka palipo na chakula cha kutosha. Ukiwaua 2,000, waliobaki 8,000 watakuwa 10,400 mwakani: umefanya kazi ya mwaka mzima, umepiga picha za mizoga, na umeishia na kunguru wengi kuliko ulivyoanza. Kwa kiwango hicho cha ongezeko, huwezi kuwapunguza mpaka uondoe takriban robo yao kila mwaka. Ukiwaondoa asilimia 70 kwa pigo moja, kisha ukastarehe, watarudi kwenye 10,000 kabla mwaka wa tano haujakwisha. Takwimu hizi ni za kufikirika, lakini mwenendo wake si wa kufikirika: wachache wanaosalia hupata chakula kingi zaidi kwa kila mdomo, na vifaranga vyao vingi huishi. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza yeyote anayeuza njia ya kuua kunguru ni mwaka wa pili utagharimiwa na nani.

Sumu

Sumu inayotumika hujulikana kwa jina la Starlicide, iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1960 kwa ajili ya ndege waharibifu mashambani. Haiui papo hapo. Kunguru hula chambo, huruka zake, na hufa baadaye, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili, kwa kuharibika figo. Ucheleweshaji huo ndio nguvu yake. Kunguru ni ndege mwerevu anayejifunza kwa kutazama, na akiona mwenzake ameanguka kando ya chambo hatagusa tena. Lakini mwenzake akifia mbali, kundi halihusishi kifo na nyama. Jambo lingine la manufaa ni kwamba sumu huvunjwavunjwa haraka ndani ya mwili wa ndege, kwa hiyo mnyama anayekula mzoga hayuko katika hatari kubwa kama ilivyo kwa sumu nyingine nyingi zinazopatikana madukani.

Kwa kasi, hakuna njia inayoikaribia. Kikundi chenye mafunzo kinaweza kulisha kunguru nyama safi kwa siku kadhaa mpaka wazoee mahali na saa, kisha kuweka nyama iliyotiwa dawa asubuhi moja na kuondoa sehemu kubwa ya kundi. Zaidi ya miaka 20 iliyopita pwani ya Kenya iliitumia, idadi ikashuka sana, kisha uingizaji wa dawa ukasimama na kunguru wakarudi. Mwezi wa Juni 2024, Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) lilitangaza mpango wa kuondoa kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo, kwa kushirikiana na wenye hoteli na wataalamu wa uhifadhi. Tarehe hiyo imepita, na kunguru bado wapo.

Udhaifu wa sumu uko katika mambo ambayo hayamo kwenye bei ya kopo. Dawa huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni na kwa kibali cha serikali, kwa hiyo mwaka ambao kibali kimechelewa ni mwaka uliopotea. Kuku na njiwa huathirika nayo kwa urahisi, na Malindi ni mji ambao kuku hawafungiwi. Chambo lazima kilindwe na mtu tangu kinapowekwa hadi mabaki yanapokusanywa. Mizoga huanguka juu ya mapaa yanayojaza matangi ya maji ya mvua, katika visima visivyofunikwa na katika viwanja vya shule, na kuiokota kunahitaji watu, glavu na shimo. Anayepiga hesabu ya sumu bila mishahara ya waokota mizoga hajapiga hesabu.

Lipo pia suala la dhamiri, ambalo katika mji wa Waislamu wengi halikwepeki. Kunguru ametajwa katika hadithi mashuhuri miongoni mwa wanyama watano wanaoruhusiwa kuuawa kwa sababu ya madhara yao, na hoja hiyo husikika kila mara sumu inapopingwa. Lakini mafundisho hayo hayo yanaagiza kwamba anayeua aue kwa wema, na kifo cha figo kinachochukua saa nyingi kinaacha swali ambalo wenye kupanga kampeni wanapaswa kulijibu hadharani badala ya kuliachia minong'ono.

Kizimba

Kizimba cha kunguru ni chumba cha mbao au chuma na wavu, kikubwa kiasi cha mtu kuingia, chenye uwazi wa juu uliojengwa kama ngazi: ndege hushuka kwa kukunja mbawa, lakini hawezi kupanda kwa kuzikunjua. Ndani huwekwa nyama, maji, kivuli na kunguru wachache walio hai wa kuwavuta wengine. Fundi yeyote wa Malindi anaweza kukitengeneza kwa vifaa vya dukani. Fedha zake, kwa hiyo, hubaki mjini.

Sifa yake kubwa ni kuchagua. Kunguru wa asili akinaswa, au mwewe, anafunguliwa mlango akaenda zake, jambo ambalo sumu haiwezi kulifanya. Hakuna kibali cha kuagiza, hakuna mzoga juu ya paa la jirani, na anayeua anaweza kuua kwa haraka na kwa mkono. Kasoro yake ni kwamba hunasa zaidi vijana wasio na uzoefu, wakati wazee wanaotaga hukaa juu ya mnazi wakitazama. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na wenye tahadhari ndio wanaobaki kuzaa. Kwa hesabu ya hapo juu, kuondoa vijana ambao wengi wao wangekufa wenyewe kwa njaa hakupunguzi ongezeko kwa kiasi ambacho idadi ya walionaswa inaonyesha.

Tena, kizimba ni ajira kabla hakijawa kifaa. Kinahitaji mtu wa kukihudumia kila siku, Ijumaa na Idi zikiwemo, kwa sababu vivutio vilivyo ndani lazima vipate maji na chakula. Vizimba vingi hufa kwa uzembe: mwezi wa kwanza kuna shauku, mwezi wa tatu nyama imekauka na mlango umelegea. Hoteli yenye wafanyakazi wa bustani wa kudumu inaweza kumudu. Kamati ya mtaa inayotegemea kujitolea, mara nyingi haiwezi.

Kiota

Njia hii hupita haraka katika ulinganisho, kwa sababu nafasi yake ni nyembamba. Kunguru hutaga mayai matatu hadi matano, huyaatamia kwa siku 16 au 17, na akivunjiwa kiota mapema hujenga kingine. Kazi inapaswa kufanywa wakati mayai au makinda yamo, kwa ngazi na kamba, juu ya miembe, mikungu na miarobaini. (Mwarobaini nao ni mti wa kigeni uliojieneza pwani nzima, lakini kwa kuwa unatupa dawa na kivuli hakuna aliyewahi kuuundia kamati. Siasa ya viumbe vamizi haijawahi kuwa ya biolojia peke yake.)

Pale kunguru walipokuwa wachache, uvunjaji wa viota umeleta matokeo makubwa. Katika kisiwa cha Sokotra, vijana wa vijijini walilipwa kwa kila kinda waliloondoa kiotani, kundi likakosa warithi, na kunguru wazima waliobaki, wakiwa wachache sana, wakapigwa risasi mwaka 2009. Kuna watu wanaoutumia mfano huo kudai malipo kwa kila kichwa hapa Malindi. Siungi mkono. Sokotra kundi lilikuwa dogo kiasi cha kufahamika lote, na mwisho wa malipo ulikuwa ukionekana; hapa, malipo kwa kichwa yangekuwa mshahara usiokwisha, na mtu anayelipwa kwa kunguru hana sababu ya kutamani kunguru waishe.

Jaa

Njia ya nne haiui kunguru hata mmoja, na kwa hiyo haina picha ya kuonyesha kwenye mkutano. Ni kufunga chakula: matumbo ya samaki pale mashua zinapopakua, damu na mabaki ya machinjioni, mabaki ya jikoni za hoteli yanayowekwa nyuma ya uzio kwenye mapipa yasiyo na vifuniko, na jaa la mji lililo wazi. Idadi ya kunguru katika mji haitegemei ukali wa wenyeji. Inategemea kiasi cha chakula. Ukipunguza chakula kwa nusu, hujawapunguza kunguru leo, lakini umeshusha kiwango ambacho watakirudia baada ya kila kampeni, na hilo ndilo jambo ambalo sumu na kizimba haviwezi kulifanya kwa bei yoyote.

Kwa mchumi, uzuri wa njia hii ni kwamba gharama yake haibebwi na kunguru peke yao. Taka zilizofungwa zinapunguza nzi, panya na hatari ya kipindupindu, na zinapendezesha ufuo, kwa hiyo haki haitendeki tunapoiandika gharama yote kwenye safu ya kunguru kisha tukasema ni ghali kuliko sumu. Isitoshe, wajibu wenyewe tayari upo kisheria. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza tangu zinapozalishwa, na Katiba ya 2010 inaweka uzoaji wa taka na majaa chini ya serikali za kaunti. Anayedai mapipa yenye vifuniko Malindi anadai kilichokwisha kuandikwa.

Kasoro yake ni muda, na kasoro ya pili ambayo watetezi wake hawapendi kuitaja: kunguru aliyenyimwa jaa hafi kwa heshima siku ya pili. Kwa miezi kadhaa atatafuta kwingine, na kwingine ni vifaranga vyako, mayai ya kwera na embe lililo karibu kuiva. Jaa likifungwa bila kundi kupunguzwa, wananchi wataona hali imeharibika na watailaumu kaunti.

Nani alipe

Hapa ndipo kampeni nyingi huvunjika. Kunguru hulala pamoja kwa maelfu kwenye miti michache na kutawanyika asubuhi kwenda kula, hivyo hoteli moja inayolipia sumu inamsafishia jirani bila malipo, na jirani mwenye akili ya biashara hatachangia kitu. Mwaka wa pili yule wa kwanza naye anachoka. Mchango wa hiari, kwa hiyo, ni msingi dhaifu hata pale watu wanapopendana. Tozo inayowahusu wote wenye hoteli kwa kadiri ya vyumba vyao, inayokusanywa pamoja na ada za leseni za kaunti na kutumika kwa kazi hii tu, ingekuwa ya haki zaidi kuliko harambee.

Ugumu mwingine ni kwamba kunguru amegawanywa kati ya serikali mbili. Wanyamapori ni jukumu la serikali kuu kupitia KWS, taka ni za kaunti ya Kilifi. Anayeruhusu kuua hamiliki jaa, na anayemiliki jaa haruhusu kuua, kwa hiyo kila mmoja huweza kufanya sehemu yake vizuri kabisa na matokeo yakawa sufuri. Makubaliano ya maandishi kati ya pande hizo mbili, yenye tarehe moja ya kuanza, yangekuwa na thamani kuliko kopo la ziada la dawa.

Wanaosema tungewamaliza wote mara moja wanapaswa kuangalia walikofaulu. Uholanzi, kunguru walifika kwa meli katika mji wa bandari wa Hoek van Holland mwaka 1994 na kuanza kuzaliana miaka mitatu baadaye. Serikali iliwaondoa walipokuwa bado ni makumi tu, na hata hivyo mambo yalifika mahakamani. Umoja wa Ulaya ulimweka kunguru huyu katika orodha yake ya kwanza ya viumbe vamizi mwaka 2016. Ushelisheli nao waliwamaliza wakiwa wachache. Kumaliza kabisa ni sera ya siku za mwanzo. Kenya, yenye ukanda wa miji kutoka Vanga kwenda kaskazini na jirani mwenye kunguru kila upande, imepitwa na siku hizo tangu zamani. Kwetu lengo la kweli ni wachache na kuwaweka wachache. Funzo la siku za mwanzo lina kazi kwingine: bandari mpya ya Lamu, iliyopokea meli zake za kwanza mwaka 2021, ni mlango ambao mgeni mwingine tusiyemjua bado anaweza kuingilia, na mkaguzi mmoja anayelipwa hapo leo ni rahisi kuliko kampeni ya vizazi vitatu.

Nani achague nini

Kwa kaunti na KWS, chaguo langu ni jaa na sumu pamoja, kwa utaratibu huo na ndani ya msimu mmoja: mapipa, machinjio na mahali pa kupakulia samaki vifungwe kwanza, kisha sumu itumike mara moja kwa nguvu, mji mzima kwa wiki hizo hizo, wakati kunguru wana njaa na chambo hakina mshindani. Sumu bila jaa ni kodi ya kila mwaka isiyo na mwisho, na kama bajeti haitoshi kwa yote mawili, ningechukua jaa na kuvumilia malalamiko ya miezi ya kwanza.

Kwa hoteli au kundi la hoteli, kizimba ndicho chaguo la kudumu, kikihudumiwa na mtu aliyeandikiwa kazi hiyo katika mkataba wake, baada ya kundi kupunguzwa na kampeni ya mji. Hoteli inayoweka kizimba mbele na pipa wazi nyuma inalipia kunguru mara mbili.

Mwenye nyumba asishike sumu kabisa, hata akiuziwa kwa siri na mtu anayedai ndiyo ile ile ya hoteli. Dawa za kilimo zinazouzwa mitaani kwa kazi hii huua mbwa, kuku na mtoto aliyeokota nyama, na hazina ule uvunjikaji wa haraka mwilini. Kwake yeye unafuu wa karibu ni wavu juu ya banda la vifaranga kwa wiki sita za mwanzo, viota vilivyo katika mti wake kuondolewa vikiwa na mayai, na matumbo ya samaki kufukiwa ardhini siku hiyo hiyo.

Na kwa diwani anayesubiriwa kupiga kura juu ya pendekezo lolote la kunguru, kuna mambo matatu ya kuuliza kabla ya kuinua mkono: fedha za mwaka wa tatu zinatoka wapi, nani anaokota mizoga, na pipa la sokoni litakuwa na kifuniko tarehe gani.